Dege la Lina

Nilimng'ata Mzee Hamdun. Sikatai. Nilimng'ata mkono mpaka nikaonja damu yake, na akija tena na chuma chake karibu na mwanangu nitamng'ata pahala ambapo ataona haya kumwonyesha daktari. Wanawake wetu hapa Jeddah wameshaieneza habari kwenye kila harusi: mke wa Ziyad kaingiwa na wazimu, kampiga mama mkwe, kamuuma mzee wa watu, kamwangusha bibi mzima uwanja wa ndege mbele ya mahujaji. Haya. Kaeni kitako niwaambie ilivyokuwa, kisha mseme wazimu ni wa nani.

Mimi Wahida, mzaliwa wa Riyadh. Babu yangu alitoka Unguja mwaka wa sitini na nne, na nyumbani kwetu Kiswahili hakijatuhama mdomoni hata siku moja. Mume wangu, Ziyad, ni mtu wetu vilevile, anafanya kazi ofisini hukohuko Riyadh, mtaa wa Olaya. Mama yake, Bi Nusra, anakaa Jeddah, mtaa wa Al-Safa, na mwezi ule nilishuka Jeddah na mwanetu Lina kwa sababu ya harusi ya binamu yake Ziyad. Ziyad mwenyewe alibaki na kazi yake. Lina ana miezi tisa, ana mashavu ya kubanwa, na akicheka anacheka mwili mzima.

Lina alikuwa ameshapata dege mara moja, Riyadh. Kwetu dege ni ule mtukutiko unaomshika mtoto mchanga, macho yakapinduka na taya likakaza. Wazee wanasema ni ndege anapita juu ya nyumba, kivuli chake kikimwangukia mtoto, basi. Daktari wa Riyadh alinambia ni homa tu, mtoto akichemka sana ubongo unashtuka, watoto wengi wanapata na wanakua nayo wakaiacha. Akanipa dawa ya maji ndani ya kibomba kidogo cha plastiki, ya kumtia mtoto kwa nyuma dege likikataa kumwachia. "Hii usiache kuwa nayo karibu," kanambia.

Bi Nusra alipokiona kile kibomba kwenye mkoba wangu alikishika kwa ncha za vidole kama kashika panya.

"Hiki kinatiwa wapi?"

Nikamwambia.

"Astaghfirullah! Mtoto wa kike?"

"Mama, ni dawa."

"Dawa gani inayoingia mlango wa kutokea? Kaka yangu Hamdun kaponya watoto wa mji huu tangu hujazaliwa, na hakuna hata mmoja aliyevuliwa nguo."

Mzee Hamdun ni kaka yake mkubwa, mjomba wake Ziyad, anakaa Bani Malik ndani ya jengo bovu lililojaa wapangaji wa kila taifa. Ana kitabu cha tiba cha babu yake, kimenakiliwa kwa mkono, na mle imeandikwa kuwa mtoto wa dege achomwe utosini kwa chuma kilichoiva, ili unyevu wa ubongo ukauke. Matabibu wa zamani wote walifanya hivyo, anasema, Waarabu na Wazungu, wafalme na maskini. Chuma chenyewe anacho, kifupi, kichwa chake kimeviringana kama kitufe. Yeye mwenyewe alichomwa alipokuwa mchanga, na akivua kofia anakuonyesha upara wa duara katikati ya kichwa. Anajivunia ule upara kama mtu anayekuonyesha shahada.

Nilisema tangu siku ya kwanza, mbele ya wote, tena kwa sauti: mwanangu hachomwi. Bi Nusra akanuna, kisha akalegea. Akasema basi angalau tumpake mvuje. Mvuje mnaujua, ile dawa inayonuka mpaka jirani anafunga dirisha. Huo hauna madhara, nikakubali. Baada ya usiku wa hina, nilipomwacha Lina kwa bibi yake, nilirudi nikakuta keshapakwa utosini, kabandikwa kitambaa, kavishwa na kofia ya kufuma juu yake. "Usikibandue mpaka kikauke chenyewe," kanambia, "na kumwosha niachie mimi. Mjukuu wa nyumba hii huoshwa na bibi yake." Lina alilia usiku ule mpaka sauti ikamkauka. Nikasema meno.

Elkanah naye mjueni. Ni dereva wa Bi Nusra, Mkenya kutoka Kisii, mrefu, mpole, anaimba nyimbo za kanisani kimoyomoyo akiwa kwenye foleni. Ikama yake, kibali cha kukaa nchini, iko kwa Ziyad, ndiye kafili, mdhamini wake, lakini amri anazipata kwa Bi Nusra. Kiswahili chake na chetu vinapishana mlangoni. Na mimi kila nikigombana na mama mkwe nilikuwa nikiingia garini nikisema, "Elkanah, iko siku utanipeleka nikapande ndege nirudi kwa mama yangu Riyadh." Naye hujibu, "Sawa madam, ukiwa ready wewe niambie tu." Hilo lishikeni.

Ijumaa ile Lina aliamka na homa. Mchana Mzee Hamdun akaja kula biriani, kama kawaida yake. Tulikuwa bado hatujanawa mikono Lina akajinyoosha mapajani mwangu, mgumu kama ubao. Macho yakaenda juu. Midomo ikawa ya samawati, na mikono ikaanza kurukaruka.

"Dege!" Bi Nusra kapiga ukelele. Akamrushia abaya nyeusi gubigubi, kwa sababu ndivyo wanavyomfunika mtoto wa dege.

Niliitupa ile abaya nikakimbilia mkoba wangu. Kibomba hakimo. Nikaumwaga mkoba wote sakafuni, nepi, mafuta, funguo. Hakimo.

"Dawa iko wapi?"

Bi Nusra alitazama pembeni.

"Mama! Dawa ya mtoto iko wapi?"

"Nimeitupa. Aibu ile siiweki nyumbani kwangu."

Wallahi, sijui mkono wangu ulitokaje. Nilimtia kofi. Nilimtia kofi mama mkwe wangu, mtu mzima, mpaka herini ikaruka ikaingia kwenye biriani. Naye hakulala. Alinikamata nywele akanivuta mpaka shingo ikalia. Mimi nina mtoto mkono mmoja, anatukutika, na mkono mmoja naupigania utosi wangu mwenyewe. Simu yangu ilikuwa inachaji chumbani na Bi Nusra kasimama kati yangu na mlango wa chumba.

Nikasikia jiko linawaka. Mzee Hamdun alikuwa kaingia jikoni kimya, keshakitia motoni kile chuma chake, asichoachana nacho. Alirudi nacho kimekuwa chekundu, kakifunga kitambaa kwenye mpini, anasoma dua kwa sauti ya chini, uso mtulivu kabisa.

"Mshike mama yake," kamwambia dada yake. "Safari hii nitalishika barabara."

Bi Nusra akanishika kwa nyuma, mikono miwili kifuani. Ana nguvu yule mwanamke, kakanda unga maisha yake yote. Mzee Hamdun akakiweka kiganja cha kushoto kwenye paji la Lina. Hapo ndipo nilipomng'ata. Mkono ule wa kushoto, meno yote, nikatikisa kama paka. Alipiga kelele ambayo sijapata kuisikia kwa mwanamume. Chuma kikamponyoka kikaanguka kwenye zulia na zulia likaanza kutoa moshi. Nikamkanyaga Bi Nusra mguu, nikamrudishia kisogo cha kichwa puani, nikasikia kitu kinavunjika. Akaniachia. Nikapita na Lina kifuani, miguu mitupu, mtandio sina, nikateremka ngazi.

Nilikuwa nalia kwa sauti. Nilikuwa naogopa, nayasema haya mjue kuwa sikuwa simba kama wanavyonisimulia. Nilitaka mtu mmoja tu wa kumbeba mwanangu ampeleke kwa daktari.

Elkanah alikuwa ndani ya gari, kavuta kiti nyuma anasinzia. Nikafungua mlango wa nyuma nikajitupa.

"Yalla, Elkanah! Dege! Dege!"

"Madam? Ni leo?"

"Sasa hivi! Dege, nakwambia! Ondoa gari!"

Aliwasha. Lakini gari halijatoka getini milango miwili ikafunguka. Bi Nusra akaingia nyuma pamoja nami, damu inamchuruzika puani, na Mzee Hamdun akaingia mbele, mkono kauvingirisha kitambaa cha meza. "Bani Malik!" Bi Nusra akapiga kelele. Mimi nikapiga kelele, "Usimsikilize! Dege, Elkanah, mbio!" Elkanah akatazama kwenye kioo, akaniona mimi sina viatu, akamwona yule pua imevunjika. Nadhani aliamua hapohapo ni nani wa kumsaidia. Akakanyaga mafuta.

Nyuma kule tulikuwa tunapigana. Sina neno jingine. Bi Nusra anavuta miguu ya Lina, mimi navuta kiwiliwili, mtoto katikati anatukutika na povu linamtoka. Nikampiga kwa kiwiko. Akanikwaruza shavu kwa pete. "Utamuua mjukuu wangu kwa kiburi chako!" anasema, na analia, na machozi yake ni ya kweli. Hilo ndilo linalonitia hasira mpaka leo. Alikuwa anampenda.

Sikuona barabara tuliyoshika. Sikuona chochote mpaka niliposikia kitu kinalia *tak* mbele.

Lile gari ni la zamani, la marehemu baba mkwe, na lina kile kiwashio cha sigara cha kubonyeza. Mzee Hamdun alikuwa kakibonyeza. Akakichomoa, na ndani yake mduara mwekundu, mdogo, unang'aa. Akajigeuza juu ya kiti.

"Mfunue kichwa," kamwambia dada yake.

Bi Nusra akaivuta kofia ya kufuma. Mimi mikono yangu yote ilikuwa kazini, sina wa kupigana nao. Basi nikafanya lililobaki. Nikakiweka kiganja changu juu ya utosi wa Lina, juu ya kile kitambaa cha mvuje, na mzee akakandamiza.

Mgongo wa mkono wangu ulilia kama samaki anayewekwa kwenye mafuta. Harufu yake naijua sasa, sitaki kuieleza. Sikuutoa mkono. Nilimtukana Mzee Hamdun matusi ambayo sikujua kuwa nayajua, ya Kiswahili na ya Kiarabu, nikamtukana na babu yake na kitabu chake, na mkono sikuutoa.

Elkanah alipiga kelele, "Mzee, wewe ni mwendawazimu?" Akamkamata ukosi kwa mkono mmoja akamrudisha kitini kwa nguvu, kichwa kikagonga kioo cha dirisha. Kiwashio kikaangukia miguuni mwa mzee, kikamchoma na yeye kidogo. Al-hamdulillahi.

Gari likasimama. Elkanah akageuka, jasho linamtiririka.

"Madam, tumefika. Ni domestic ama international?"

Nikainua macho. Milango ya vioo. Watu na masanduku. Mahujaji na madumu yao ya zamzam. Juu ya vichwa vyetu kitu kikubwa cheupe kinapaa na kelele zake.

"Umenileta wapi?"

"Si umesema ndege, madam? Ndege, ndege, mbio?"

"Dege! Mtoto ana dege! Mtoto anakufa, Elkanah!"

Ningekuwa na nguvu ningemuua. Rangi ilimtoka. Akamtazama Lina kwa mara ya kwanza, akasema "Mungu wangu," akaruka nje akaacha mlango wazi, akakimbilia walinzi wa mlangoni, anapunga mikono, Kiarabu chake cha kuokoteza, kwamba mtoto hana pumzi: "Beibi! Mafi nafas! Yalla!"

Na oneni Mwenyezi Mungu anavyopanga. Hospitali zote za mtaani tungekwama kwenye foleni ya Ijumaa, lakini pale uwanjani kuna watu wa huduma ya kwanza wamekaa wanangoja mahujaji wazimie. Walikuja mbio na mkoba wao, kijana na mwenzake. Wakamlaza Lina kwenye sakafu ya marumaru, wakamtia hewa usoni, kijana akatoa sindano.

Bi Nusra alipoiona sindano akawa si mtu tena.

"Hapana! Mwenye dege hapigwi sindano! Akipigwa anakufa! Wahida, wazuie!" Akamrukia kijana mkononi, akamning'inia.

Mnaijua imani hiyo, nyote mliolelewa na bibi zenu. Na mimi nimelelewa nayo. Kwa sekunde moja, nawaambieni kweli, tumbo langu liliamini. Kisha nikamshika Bi Nusra kiunoni nikamwangusha chini, buibui likapanda juu, nikamkalia. Nikamkalia mama yake mume wangu mbele ya mahujaji wa dunia nzima, na anapiga mateke, na ananiapiza, na mlinzi anatuvuta hajui amvute nani. Mzee Hamdun alikuwa kasimama kando, kashika mkono wake, anasoma.

Sindano ikaingia.

Lina akalegea. Mikono ikaacha kuruka, kichwa kikaanguka upande.

"Keshakufa," Bi Nusra akasema chini yangu, taratibu. "Umemuua."

Nilikuwa namtazama kijana, na kijana kashika kifua cha mwanangu, uso hausomeki. Ndipo Lina akakoroma. Mkoromo mdogo, wa kitoto, kama anavyokoroma mchana akishashiba. Nepi ikalowa, mkojo ukatambaa juu ya marumaru ukanifikia gotini. Nikaupaka mkono wangu ule mkojo, nikacheka, nikalia.

Hospitalini walinifunga bendeji. Daktari wa watoto, mama wa Kisudani mwenye miwani, alikuwa anamtazama Lina kitandani. Mimi nimesimama pembeni najigamba. Ndiyo, najigamba. Nilikuwa namsimulia nesi jinsi nilivyoupokea moto kwa mkono wangu, na kwamba mwanangu hakuguswa, hata unywele.

Daktari akakilowesha kile kitambaa cha mvuje, akakibandua polepole. Harufu ikatoka, nzito, na haikuwa ya mvuje.

"Nani kamchoma mtoto huyu?" akauliza.

"Hajachomwa, daktari. Niliwahi. Tazama mkono wangu."

"Njoo uone."

Nikaenda. Katikati ya utosi wa mwanangu palikuwa na mduara, mdogo, saizi ya kitufe. Pembeni umevimba mwekundu. Ndani una usaha.

"Hili si la leo," kasema daktari. "Lina siku kadhaa. Limeoza, na ndilo lililomletea homa. Na homa ndiyo iliyomletea mtukutiko."

Usiku wa hina. Kitambaa kisichobanduliwa. Mjukuu wa nyumba hii huoshwa na bibi yake. *Safari hii nitalishika barabara.* Yote yakanijia pamoja. Mimi nilikuwa na hina mikononi, nacheza kwenye harusi yao, na wao wamemshika mwanangu jikoni. Na aliporudishwa kwangu analia, nikasema meno.

"Itabidi niripoti," kasema daktari.

"Ripoti. Majina nitakutajia mimi."

Ziyad alifika na ndege ya kwanza aliyoipata kutoka Riyadh. Aliingia anahema, tai kaitia mfukoni, akambusu Lina miguuni, akanibusu mimi kichwani, akaona bendeji. "Nani kakufanya hivi?" Alipoinama tena juu ya kitanda nikakiona kile kipara kidogo cha duara katikati ya nywele zake. Miaka yote ya ndoa nimekichezea kwa kidole kile kipara. Kanambia ni alama ya kuzaliwa.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Nilijua nini?"

"Ziyad. Usiku wa hina. Mama yako alikupigia simu?"

Angesema uongo ningemwamini. Nilikuwa nataka kumwamini. Lakini alijipapasa utosi bila kujijua.

"Aliniambia ni kitu kidogo tu," akasema. "Mimi mwenyewe nilichomwa, Wahida, na mbona mzima? Nilijua wewe ungekataa."

Nikampiga kwa mkono ule ulioungua. Uliniuma mimi kuliko yeye, bendeji ikatoka damu, na ningeweza ningempiga tena. Hakujikinga. Alikaa kwenye kiti cha wageni akaanza kulia, na mimi nikamwacha alie, nikaenda kukaa kwa mwanangu.

Siku Lina aliporuhusiwa, Elkanah alikuwa kapaki nje. Hakuna aliyemtuma. Hakuthubutu kunitazama usoni tangu siku ile, maskini, na alikuwa kamnunulia Lina mwanasesere wa kuminya. Nikaingia nyuma. Lina kichwani ana bendeji nyeupe, safi, hana kofia. Pale mbele, penye kiwashio, palikuwa na tundu tupu. Elkanah alikuwa kakitupa.

"Tunaenda wapi, madam?"

"Dege," nikasema. Ulimi uliteleza tu.

Elkanah akaizima injini. Akageuka nyuma, kashika usukani kwa mkono mmoja, uso umemjaa hofu.

"Madam, pole, wacha niulize poa. Ni ile ya mtoto ama ni ile ya kuruka?"

"Ya kuruka, baba," nikamwambia. "Ya kwenda kwa mama yangu."